Mjomba Anatafuta Hoteli ya Gofu Rufiji

Wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, nikiwa Kibiti, nilipata ujumbe kutoka kwa jamaa niliyekaa naye chumba kimoja hosteli mwaka wa kwanza. Mjomba wake anacheza gofu Dar es Salaam. Wako kikundi cha wazee wanane, na kila mwaka wanatoka nje ya jiji siku tatu, wanalala hoteli nzuri, wanacheza, wanakula, wanarudi. Morogoro wameshaizoea, Arusha wanaona mbali. Sasa wamesikia Rufiji kuna hoteli kali kando ya mto. "Wewe si uko hukohuko," akaandika, "hebu tuangalizie yenye uwanja wa gofu."

Nikamjibu hakuna. Akauliza, kwa nini hakuna? Mto upo, ardhi ipo, lami ipo, na kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Kibiti ni kilomita kama 140 tu. Nilitaka kumjibu kwa kifupi kwamba huku ni kijijini, basi. Lakini jibu hilo ni la uvivu, maana Mufindi nako ni mbali na kuna uwanja wa gofu katikati ya mashamba ya chai. Nikaanza kuuliza watu na kusoma. Nilichokipata ni kirefu kuliko ujumbe wa simu, na nadhani kinatuhusu sisi tunaosomea ualimu kuliko kinavyowahusu wazee wa gofu.

Kwanza tuelewane gofu ni nini kwa upande wa ardhi. Uwanja kamili una mashimo 18, na unakula kama hekta 60. Hiyo ni zaidi ya viwanja themanini vya mpira wa miguu vikiwekwa pamoja. Zote hizo zinataka nyasi fupi, zinazokatwa kila mara, na katika hali ya hewa ya Pwani zinataka kumwagiliwa karibu mwaka mzima ukiacha masika. Kuzunguka kila shimo nyasi inanyolewa mpaka inakuwa kama zulia, na ardhi ya pale ikibonyea hata kidogo mchezo umeharibika. Kwa hiyo gofu inataka vitu viwili ambavyo ni nadra kukaa pamoja: maji mengi, na ardhi isiyosogea.

Kwenye ukanda wetu wapo waliofanikiwa. Kule Kilifi, Kenya, kuna Vipingo Ridge, ambako wanawake wa kulipwa walicheza Magical Kenya Ladies Open kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Zanzibar kuna hoteli ya ufukweni yenye uwanja wa mashimo tisa. Uganda wana uwanja Kigo, pembeni ya Ziwa Victoria, na klabu ya Jinja jirani na chanzo cha Nile. Hiyo ya Jinja inajulikana kwa sheria yake moja ya zamani: mpira ukiangukia kwenye alama ya mguu wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa bila kuadhibiwa. Nilipomsimulia mzee mwenye nyumba niliyopanga, alicheka sana, halafu akauliza swali la maana, "Na kiboko mwenyewe akiwa bado yupo?"

Sasa angalia hizo sehemu zote nilizotaja. Vipingo ni mwinuko. Jinja na Kigo ni miinuko juu ya ziwa. Maji wanayaona, hawako ndani yake. Rufiji mambo ni tofauti, na hapa ndipo stori inapoanza.

Watu wengi wakisema "Rufiji" wanachanganya sehemu tatu. Iko sehemu ya juu, porini, ambako mto unapita kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyokatwa kutoka pori la Selous mwaka 2019. Liko bonde la kati, la wakulima wa mpunga, Utete na Ikwiriri, ambako ndiko lilipo Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003 (kabla ya hapo ilikuwa pantoni ya Ndundu, na wazee wa Lindi na Mtwara wana hadithi zao za kulala pale siku kadhaa wakisubiri kuvuka). Halafu iko delta yenyewe, upande wa Kibiti, ambako mto unagawanyika matawi na kuingia baharini katikati ya mikoko. Mji wa Kibiti wala haugusi mto. Mimi mwenyewe nilikuja na picha ya kukaa ukingoni jioni nikisahihisha madaftari, nikakuta ukingo uko mbali kiasi cha kutaka nauli.

Hoteli alizosikia mjomba ni zile za juu. Ziko kweli na zinajulikana: Rufiji River Camp karibu na geti la Mtemere, Sand Rivers ndani zaidi, na nyingine ndogondogo kijijini Mloka, nje ya mpaka wa hifadhi. Unafika kwa ndege ndogo, au kwa gari unakata kulia Kibiti na kuifuata ile barabara ya vumbi mpaka Mloka. Ukiziangalia kwa jicho la mwanafunzi aliyewahi kusoma jiografia, kuna kitu kinakushtua: nyingi ya hizo "hoteli" ni mahema. Mahema makubwa, yana kitanda, choo na bafu, lakini ni turubai juu ya jukwaa la mbao, au banda la makuti lililo wazi upande wa mto. Masika ikikolea, Aprili na Mei, nyingi zinafungwa kabisa. Njia hazipitiki na mto uko juu.

Nilidhani ni mtindo tu, kwamba wazungu wanapenda kulala kwenye hema. Ni kweli wanapenda, na wanalipia mamia ya dola kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja, chakula na safari za boti zikiwemo. (Bumu letu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Nimepiga hesabu ya ni siku ngapi ningefunga kula ili nilale pale usiku mmoja, nikaona niendelee kusahihisha madaftari.) Ila jukwaa la mbao na hema vina sababu nyingine, na sababu hiyo wakulima wa Rufiji waliijua zamani sana kabla ya mtalii wa kwanza kufika.

Mto Rufiji unakusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero na Luwegu zinakutana na kuuzaa, kisha Ruaha Mkuu unaingia. Mvua ya Iringa, Mbeya, Njombe na Morogoro inateremka yote kwenye bonde moja tambarare la mchanga na udongo laini. Maji hayo yakifika huku chini hayana mwamba wa kuyashika. Mto unakula ukingo upande huu na kumwaga mchanga upande ule. Unaacha njia yake ya zamani ikawa ziwa au dimbwi, unafungua nyingine. Mwenye nyumba wangu alinipeleka siku moja mpaka ng'ambo ya daraja, akanionyesha kisiwa cha mchanga katikati ya maji. "Mwalimu, pale unapopaona mchanga, baba yangu alivuna mpunga." Hakusema kwa masikitiko. Alisema kama mtu anayekuonyesha nyumba aliyohama.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mafuriko makubwa, sehemu kubwa ya maji ya mto ilihamia matawi ya kaskazini ya delta. Kusini kukazidi kuwa na chumvi, kaskazini kukapata maji baridi, na watu wakafuata huko na mbegu za mpunga. Yaani wanavijiji ndani ya maisha ya mtu mmoja waliona shamba linageuka bahari na bahari inageuka shamba. Sasa wewe niambie ungechora wapi shimo la kwanza mpaka la kumi na nane.

Watu wa bonde walikuwa na jibu lao, nalo linaitwa dungu. Ni kibanda juu ya nguzo ndefu, kimejengwa shambani kwenyewe. Familia inapanda humo msimu wa mpunga kulinda ndege, nguruwe na kiboko, na maji yakija yanapita chini. Yakishuka yanaacha udongo mpya wenye rutuba, na hapo wanapanda mahindi na maharage bila kutegemea mvua. Kilimo hicho cha kufuata maji yanayoondoka wanakiita mlau. Kwa mkulima wa aina hii mafuriko ya wastani ni mbolea ya bure, na mwaka usio na mafuriko ndio mwaka mbaya.

Serikali iliyaona hayo kwa jicho lingine. Baada ya mafuriko ya 1968 ilianza kuwahamisha watu wa bondeni kwenda sehemu za juu, kwenye vijiji vya pamoja, miaka kadhaa kabla ya vijiji vya ujamaa vya nchi nzima. Huko kulikuwa na shule, zahanati na barabara. Mashamba mazuri yakabaki kulekule chini. Kwa hiyo mpaka leo wapo watu wenye nyumba juu na dungu bondeni, na wapo watoto wanaokosa vipindi msimu wa kulinda mpunga. Kwenye kidato cha pili ninachofundisha nilimwandikia mmoja "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio wiki mbili mfululizo, kabla mwalimu mwenyeji hajanivuta pembeni na kunieleza dungu ni nini. Nililifuta kwa aibu.

Turudi kwa hoteli. Kambi ya mahema juu ya majukwaa ni dungu lenye bafu. Mto ukila ukingo, unang'oa mbao, unasogea nyuma mita hamsini, unaendelea na biashara. Zulia la nyasi la hekta 60 huwezi kuling'oa.

Mtu atasema, sasa si kuna bwawa? Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na moja ya hoja zake ni kupunguza mafuriko huku chini. Hoja ni ya kweli kwa kiasi: bwawa lenye nafasi linaweza kuzuia wimbi la maji na kuyaachia polepole. Likishajaa, mvua ikizidi, maji lazima yaachiwe. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilipata mafuriko mabaya, mashamba na nyumba vikaenda, shule zikazingirwa na maji. Wananchi wengi walilitupia bwawa lawama, serikali ikasema ni mvua za El Niño na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika upande wa Kilwa. Mwekezaji mwenye akili anasoma habari kama hizo vizuri kuliko vipeperushi vya utalii. Na Kibiti alishasoma nyingine kabla: mauaji ya 2016 na 2017, wakiwemo askari wanane waliouawa kwa pamoja Aprili 2017. Hali ilitulia zamani, usiku tunatembea vizuri tu, lakini ukitaja Kibiti kwa watu wa Dar bado wengine wanakuuliza kama uko salama.

Delta yenyewe nayo? Kuna maji, kuna bahari, Mafia iko ng'ambo, boti zinatoka Nyamisati. Kwa macho ni pazuri kupita maelezo. Lakini pale ardhi unayoiona saa nne asubuhi saa kumi huioni. Wakati wa bamvua maji ya bahari yanapanda mita kadhaa na kuingia ndani kabisa ya vijito. Kinachosimama hapo ni mikoko: mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu, mkandaa, mlilana upande wa bahari. Wajerumani mwaka 1914 waliificha meli yao ya kivita Königsberg humo ndani, na manowari kubwa za Waingereza zikashindwa kuifuata kwa sababu ya kina kifupi. Ikabidi waletwe vyombo viwili maalumu vyenye tumbo bapa, na ndege za kuonyesha shabaha, ndipo ikazama Julai 1915. Kama jeshi la maji la Uingereza lilihangaika karibu mwaka mzima na vile vijito, mashine ya kukata nyasi itafanya nini.

Sheria nayo ipo. Mikoko ya delta ni hifadhi ya msitu tangu enzi za Wajerumani, na tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka huohuo 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Mradi mkubwa wa hoteli unatakiwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kwanza. Kwenye karatasi, delta imelindwa vizuri.

Kwenye karatasi. Mwaka 1997 baraza la mawaziri liliruhusu kampuni iitwayo African Fishing Company kujenga shamba la kufugia kamba ndani ya delta. Lilikuwa mradi wa takriban hekta 10,000, uliotajwa kuwa mkubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Baraza la Mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri usiruhusiwe. Wanavijiji wa delta, ambao hao kamba walikuwa wanawavua bila kuwafuga, waligawanyika. Wengine walitaka ajira, wengi waliogopa kuhamishwa. Wakapata wanasheria na waandishi wa habari wa mazingira, wakaenda Mahakama Kuu. Kesi ikavuta, wafadhili wakasitasita, na mradi haukujengwa. Miaka kumi baadaye kampuni ya Kiswidi, SEKAB, ilikuja kutafuta ardhi ya miwa ya kutengenezea mafuta Rufiji, nayo ikaondoka 2009. Sisemi wote waliokuja walikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba bonde hili limeshaona mabango mengi ya mradi kuliko miradi.

Hapa ndipo nilipoacha kufikiria gofu na kuanza kufikiria kazi yangu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji ikitakiwa na mwekezaji, na eneo halizidi hekta 250, basi mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Zaidi ya hapo ni mamlaka ya waziri. Hoteli yenye uwanja wa gofu, hata ukiiongezea nyumba za kukodisha na maegesho, inaingia vizuri chini ya 250. Maana yake, uamuzi utafanyika chini ya mwembe, kwa kunyoosha mikono, na wengi wa wanaonyoosha watakuwa wamesomewa hati mara moja. Ardhi ikishahamishwa inakuwa ardhi ya jumla. Mwekezaji akifilisika, hairudi yenyewe kijijini, inabaki na hatimiliki mikononi mwa mtu mwingine. Jambo hilo watu wachache niliozungumza nao walikuwa wanalijua, na mimi pia nilikuwa silijui mpaka nilipoisoma sheria yenyewe.

Na nani anaombwa kusoma hiyo hati kwa sauti? Mwalimu. Nilikaa Kibiti wiki nane, na katika wiki hizo nililetewa barua ya benki, cheti cha hospitali, mkataba wa kukodisha pikipiki, na fomu ya mkopo wa pembejeo yenye kurasa sita. Mimi nilikuja kufundisha Kiswahili na Historia. Mkataba wa pikipiki nilimwambia mama wa watu asisaini, na mpaka leo sijui kama nilimwokoa au nilimnyima riziki. Chuoni tuna kozi ya maadili ya ualimu, tuna saikolojia, tuna upimaji. Kusoma mkataba pamoja na mtu asiyejua kusoma, ukamweleza bila kumwamulia, hatukufundishwa, na sioni kwa nini isiwemo hata kwa mihadhara miwili.

Jamaa yangu nilimjibu hivi mwishoni. Kama mjomba na wenzake wanataka gofu, wabaki Lugalo au Gymkhana, au waende Morogoro wakapatane na mazoea. Kama wanataka mto, waende Mloka kuanzia Juni, maji yakiwa yametulia, wapande boti jioni, na fimbo waache nyumbani. Na kama wana siku ya ziada, wafike Nyamisati asubuhi kabla maji hayajatoka, wakodi mashua ya kuzunguka kwenye mikoko. Wale wali kwa kamba kwa mama lishe pale gatini. Bei waulize mapema, na wasiende na viatu vyeupe.

Akanijibu kwamba mjomba amesema sawa, ila mmoja wa wale wazee ameuliza kama ardhi ya huko bado inapatikana, na bei yake ikoje kwa heka.